Chumvi na Mikunde Chini ya Milima ya Uluguru

Historia ya udongo wa Milima ya Uluguru, kama ilivyoandikwa tangu zama za utawala wa Kiingereza, imekuwa zaidi historia ya udongo uliopotea. Maafisa wa kilimo waliotumwa Morogoro walitazama miteremko iliyolimwa hadi ukingoni mwa misitu, wakaona makorongo, maporomoko na mito iliyobadilika rangi kila masika, na wakaandika ripoti, sheria ndogo na mipango ambayo yote ilikuwa na adui mmoja, yaani mmomonyoko wa udongo. Lakini maji yanayoteremka mlimani hayabebi tope peke yake. Hubeba pia chumvi zilizoyeyuka kutoka katika miamba, ambazo hazionekani kwa macho wala haziugeuzi mto rangi, na ambazo hubaki bondeni pale maji yanapokauka. Safari hii ya pili imeandikwa kidogo mno, na anayetaka kuifuatilia hana budi kuutafuta ushahidi wake katika mimea, hasa mimea ya jamii ya mikunde, kundi linalojumuisha maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, njegere, fiwi na njugu mawe. Kwa maana katika mazao ya chakula ya nchi hii ni machache yanayoonyesha mapema kama maharage kwamba chumvi ya udongo imezidi kiasi.

Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi kusini mwa Tanzania. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Morogoro, uliokaa chini ya miteremko ya kaskazini, uko kwenye mita 500 hivi. Upande wa mashariki, unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na upande wa magharibi na kaskazini, ulio katika kivuli cha mvua, hupungukiwa kadiri mtu anavyoshuka, hata mjini Morogoro kwenyewe mvua haifiki nusu ya ile ya mashariki. Ruvu na matawi yake, Mgeta, Mvuha, Mfizigo na Ngerengere, hukusanya maji ya milima hiyo na kuyapeleka pwani, na tangu mtambo wa Ruvu Juu ulipojengwa mwaka 1959 maji hayo ndiyo yaliyoinywesha Dar es Salaam. Magharibi na kaskazini ya milima hiyo zimetandaa mbuga za Mkata na Wami, ambazo hupokea pia maji ya Rubeho, Ukaguru na Nguru.

Tofauti hiyo ya mvua ndiyo inayoamua chumvi ikae wapi. Mlimani mvua hushinda jua: maji hupenya udongo mwaka baada ya mwaka, huyeyusha sodiamu, kalisi na magnesi zinazotoka katika mwamba unaooza, na kuzisukuma chini hadi kwenye vijito, na huo ndio mchakato ambao wataalamu huuita uchujaji. Udongo unaobaki huwa mwekundu, wenye tindikali, na maskini wa fosforasi inayopatikana kwa mmea. Bondeni mambo hugeuka. Jua huvuta maji mengi zaidi ya yale ambayo mvua huleta. Maji ya chini ya ardhi, yakiwa karibu na uso, hupanda kupitia vinyweleo vya udongo, hufika juu, hugeuka mvuke, na kuacha nyuma kila yalichokuwa yamekibeba. Ndiyo maana ugonjwa wa mlimani kwa mikunde ni tindikali, na ugonjwa wa bondeni, pale unapotokea, ni chumvi, na magonjwa haya mawili chanzo chake ni maji yale yale.

Mtu aliyelipa wazo hili umbo la kisayansi alilipata katika ardhi ya Tanganyika yenyewe. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, alitambua katikati ya miaka ya 1930 kwamba aina za udongo wa Afrika Mashariki hazijatawanyika ovyo, bali hufuatana kwa mpangilio ule ule kutoka mgongo wa kilima hadi kitako cha bonde, kila moja ikiwa imepokea kitu kutoka kwa iliyo juu yake. Mfuatano huo aliuita katena, yaani mnyororo, na istilahi hiyo imeingia katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alifanya safari ndefu ya kukagua udongo katika sehemu nyingi za Tanganyika, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo chake. Kwa bahati mbaya serikali aliyoitumikia iliusoma mnyororo huo nusu tu. Iliichukua pete ya juu, yenye mmomonyoko, na kuiacha ya chini.

Wakulima wa Uluguru walikuwa na mpangilio wao wa kuigawa ardhi kwa urefu. Ardhi ilikuwa mali ya koo, na kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama, haki ya shamba ilifuata njia hiyo, huku wakuu wa koo wakigawa viwanja kwa wanaukoo na kwa wageni waliotoa heshima iliyostahili. Familia nyingi zilikuwa na shamba zaidi ya moja, la juu na la chini, ili mvua ikizidi au ikikosa upande mmoja, upande mwingine usaidie. Mikunde iliufuata ugawaji huo. Maharage, ambayo asili yake ni bara la Amerika na ambayo yalifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari hizo, yalipenda ubaridi na yakapanda mlimani. Njegere nazo zilistawi Mgeta, ambako wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walifungua kituo mwanzoni mwa karne ya 20 na ambako kilimo cha mboga za Kizungu, kinachonyweshwa kwa mifereji iliyochepushwa kutoka vijitoni, kilikuja kuwa biashara kubwa ya kulilisha soko la Dar es Salaam. Chini, kwenye joto, walibaki wenyeji wa kale: kunde, ambazo ni zao la Afrika tangu asili, pamoja na mbaazi na choroko zilizovuka bahari kutoka Bara Hindi.

Ugawaji huo kwa kawaida huelezwa kwa joto na mvua, na maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Kunde hustahimili ukame, lakini hustahimili pia chumvi kiasi ambacho maharage hayakiwezi, na mkulima ambaye kwa vizazi kadhaa ameona maharage yakinyauka kwenye baka moja la bonde huku kunde zikifunika ardhi hana haja ya kujua kama kilichoyaua ni kiu au sodiamu ili aamue la kupanda mwaka unaofuata.

Chumvi yenyewe haikuwa ngeni kwa watu hawa. Kabla ya reli, chumvi ilikuwa bidhaa adimu bara. Wagogo, jirani wa upande wa magharibi, waliitengeneza kutoka katika udongo wa bonde la Bahi na kuiuza mbali, na misafara iliyopita Zungomero, kusini mashariki mwa Uluguru, ambako wapelelezi Burton na Speke walipumzika mwaka 1857, ilipita katika nchi ambamo chumvi ilikuwa na thamani ya fedha. Magadi nayo yalijulikana jikoni. Mpishi wa makande hudondosha kipande kidogo chunguni ili maharage yaive upesi, na kinachotokea humo kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu sodiamu iliyo katika magadi huchukua nafasi ya kalisi inayoshikilia chembe hai za punje pamoja, na kalisi ikishaondoka punje hulegea na kusagika. Shambani sodiamu hufanya kazi iyo hiyo juu ya mfinyanzi: huifukuza kalisi inayoshikamanisha vidonge vya udongo, vidonge hivyo hubomoka kuwa vumbi laini sana, vumbi huziba vinyweleo, na udongo ukilowa huwa kama uji, ukikauka huwa mgumu wa kuvunja jembe. Wataalamu huutofautisha udongo wa namna hiyo, wenye magadi, na udongo wenye chumvi za kawaida tu, kwa kuwa wa pili unaweza kusafishwa kwa maji mengi matamu yenye pa kutokea, ilhali wa kwanza ukimwagiwa maji hayo bila kwanza kutiwa kalisi, kwa mfano kwa jasi inayochimbwa Makanya wilayani Same, huharibika zaidi.

Madhara kwa mbegu huanza kabla ya kitu chochote kuonekana juu ya ardhi. Mbegu kavu ya harage ikifukiwa katika udongo wenye unyevu huvuta maji kwa nguvu, hufura, ganda lake hujikunja kisha hupasuka, na ndani ya siku chache kimizizi hutokeza upande wa kovu, pale punje ilipokuwa imeshikana na ganda la tumba. Mvuto huo wa maji hutegemea tofauti kati ya ndani ya mbegu na nje yake. Chumvi ikiwa nyingi nje, maji hushikiliwa na chumvi hiyo, na mbegu hujikuta ikiwa na kiu katikati ya unyevu, hali ambayo kwa lugha ya sayansi huitwa mkazo wa osmosisi. Uotaji huchelewa kwanza, kisha hupungua. Kuchelewa huko si jambo dogo kwa harage, kwa kuwa kila siku ya ziada ardhini ni siku ya kuvu na wadudu, na kwa kuwa harage, tofauti na njegere ambayo huziacha ghala zake za chakula chini ya udongo, hulazimika kuzinyanyua ghala hizo mbili hadi juu, likiwa limekunja shingo; tabaka gumu ambalo sodiamu imelitengeneza juu ya udongo mara nyingi huivunja shingo hiyo, na mkulima huona mashimo matupu akadhani mbegu ilikuwa mbovu.

Mche uliofanikiwa kutoka hukutana na tatizo la pili, ambalo ni sumu. Sodiamu na kloridi huingia kwa njia ya mizizi, hupanda na maji, na kukusanyika kwenye majani, ambako maji huondoka kwa mvuke nazo hubaki, kwa namna ile ile ambayo zilibaki bondeni maji yalipokauka. Kingo za majani hugeuka rangi ya kahawia kama zilizopitiwa na moto, kuanzia majani ya chini. Sodiamu hushindana na potasiamu, ambayo mmea huihitaji katika kazi nyingi za ndani, na mzizi mkuu hufupika, ukawa mnene na wenye matawi machache. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba katika harage la kawaida hatua ya mche ni dhaifu mbele ya chumvi kuliko hatua ya kuota, kwa hiyo shamba linaweza kuonekana limeota vizuri wiki ya kwanza na likawa na mapengo wiki ya nne.

Tatizo la tatu ni la mikunde peke yake. Mimea hii hupata naitrojeni kwa kushirikiana na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake, na ushirikiano huo huanza pale bakteria wanapoingia kupitia vinywele vya mzizi mchanga, navyo hujipinda ili kuwapokea. Bakteria hao wenyewe aghalabu huvumilia chumvi kuliko mmea unaowakaribisha; kinachoshindwa ni mlango. Vinywele hupungua, havijipindi inavyopasa, vinundu huwa vichache na vyepesi, na mmea ulioponea chupuchupu kwenye uotaji hubaki na rangi ya njano, ukiwa na njaa ya naitrojeni katika hewa ambayo karibu sehemu nne kwa tano ni naitrojeni.

Kiasi cha chumvi kinachotosha kuleta haya yote ni kidogo kuliko jina la udongo linavyoonyesha. Chumvi ya udongo hupimwa kwa wepesi wa maji yake kupitisha umeme, kwa kuwa maji matupu hupitisha umeme kwa shida na chumvi ikiongezeka umeme hupita kwa urahisi, na kipimo chake huitwa desisimensi kwa mita. Mwongozo uliotolewa mwaka 1954 na maabara ya chumvi ya Riverside, California, uliweka mpaka kwenye 4: udongo unaovuka hapo ndio uitwao udongo wa chumvi, na mpaka huo ulienea duniani. Mwaka 1977 Maas na Hoffman, wa maabara hiyo hiyo, walikusanya matokeo ya majaribio mengi wakayapanga mazao kwa ustahimilivu, na katika orodha yao mavuno ya maharage huanza kushuka kwenye 1 tu, kisha hupungua kwa asilimia 19 kwa kila desisimensi inayoongezeka. Shayiri husubiri hadi 8, mpunga hadi 3, karanga hadi 3.2, na kunde, kwa orodha zilizorekebishwa baadaye, hadi 4.9. Hesabu yake ni nyepesi: udongo unapofika 4 na kustahili kuitwa wa chumvi, maharage yameshapoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na kunde hazijaguswa. Mpaka uliowekwa kwa kuangalia mazao mengine, katika nchi nyingine, unampa mkulima wa maharage taarifa ambayo kwake imechelewa.

Mabonde ya mito kuharibiwa na chumvi si habari mpya, na katika mfano mkongwe kuliko yote watu wa Afrika Mashariki wamo. Huko Mesopotamia ya kusini, Iraki ya leo, wanazuoni Jacobsen na Adams walidai katika makala yao ya mwaka 1958 kwamba umwagiliaji wa karne nyingi uliijaza ardhi chumvi hata ngano ikaachia nafasi shayiri, na ingawa wanahistoria wengine wamebishana nao kuhusu ukubwa wa maafa hayo, chumvi yenyewe haina ubishi. Miaka mingi baadaye, katika karne ya 9, matajiri wa Basra walitumia watumwa kukwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ya mabwawa ili udongo wa chini uweze kulimwa. Wengi wa watumwa hao waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ijapokuwa wataalamu hawajakubaliana ni wangapi hasa walitoka huko. Mwaka 869 waliinuka chini ya uongozi wa Ali bin Muhammad, wakauteka mji wa Basra, na vita vyao dhidi ya dola ya Abbasi havikuisha hadi mwaka 883. Ni kazi chache za shamba zilizowahi kuzaa uasi mkubwa kama ule uliozaliwa na kazi ya kuondoa chumvi kwa jembe.

Uluguru nako kulitokea uasi, ila huo ulikuja kwa sababu ya matuta. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imeingiwa na hofu ya mmomonyoko baada ya vumbi la nyanda za Marekani katika miaka ya 1930, ilianzisha mwaka 1950 Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ambao kiini chake kilikuwa kuchimba matuta ya ngazi, yaani kuukata mteremko kuwa vibaraza vilivyolala sawa. Wakulima walilazimishwa kuyachimba kwa nguvu zao, uchomaji wa nyasi na mabaki ya mazao ukazuiwa, na waliokaidi wakatozwa faini. Wao walikuwa na mbinu yao ya zamani ya ngazi ndogo: mlimaji hukwangua magugu na mabaki ya mazao na kuyapanga kwa mstari unaokatiza mteremko, kisha huyafunika kwa udongo wa juu ili yaoze humo, na msimu unaofuata mistari huhama. Mbinu hiyo huacha udongo mzuri juu. Vibaraza vya serikali viliufukia udongo mzuri na kuuleta juu udongo wa chini, mwekundu, wenye tindikali na usio na mboji, na mazao yaliyopandwa humo yalidumaa mbele ya macho ya watu waliokuwa wameambiwa kwamba yatastawi.

Kuzuiwa kwa moto nako kuna upande ambao haujatajwa vya kutosha. Moshi wa Uluguru ulikuwa kero kwa maafisa kiasi kwamba kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke kuhusu mgogoro huu, kilichotoka mwaka 1960, kilibeba moshi huo katika jina lake. Hata hivyo majivu yana potasiamu na kalisi, hupunguza tindikali, na katika udongo uliochujwa na mvua hizo yalikuwa chokaa ya bure kwa maharage. Si kwamba kuchoma hakukuwa na hasara, kwani mteremko ulioachwa uchi hupoteza udongo. Lakini sheria iliyouondoa moto haikuleta chokaa, na hapo mlimaji alikuwa na hoja kuliko mkaguzi.

Julai 1955 umati ulipambana na polisi huko Matombo, risasi zikafyatuliwa, mtu mmoja akafa, na mpango ukavunjika mwaka huo huo. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata Uluguru wafuasi ambao tayari walijua kusema hapana. Mmomonyoko haukukoma kwa hilo: tarehe 23 Februari 1970 mvua iliyozidi milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walihesabu baada yake maporomoko zaidi ya 1,000, mengi yakiwa kwenye mashamba na ardhi iliyopumzishwa, machache mno kwenye msitu.

Wakati macho yote yakiwa mlimani, bonde lilikuwa likibadilika kwa njia nyingine. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kandokando yake, kuelekea Ngerengere, Kimamba na Kilosa, mashamba ya mkonge na pamba yalimeza ardhi ya chini. Mkonge huvumilia ukavu na hauulizi sana kuhusu udongo, kwa hiyo kwa nusu karne hakuna aliyelazimika kupima chumvi ya mabonde hayo. Swali liliibuka pale nchi huru ilipotaka chakula kutoka mbugani. Katika miaka ya 1980 shamba kubwa la mpunga la Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilianzishwa Dakawa, kaskazini mwa mji wa Morogoro, likinyweshwa kwa pampu kutoka mto Wami, na kando yake kikajengwa kituo cha utafiti kwa msaada wa Korea Kaskazini, ambacho jina lake la Cholima limebaki kuwa kumbukumbu ya urafiki huo. Kwenye barabara ipitayo Dakawa ndipo alipofia Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipandishwa Julai mwaka huo kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Umwagiliaji bila mifereji ya kutolea maji ndio njia ya haraka kuliko zote ya kuipandisha chumvi, kwa kuwa huinua maji ya chini ya ardhi hadi jua liweze kuyafikia. Tanzania ilijifunza hili zaidi upande wa Kilimanjaro: shamba la miwa la TPC huko Arusha Chini, lililoanzishwa mwaka 1930 na A.P. Møller wa Denmark, limepambana kwa miongo mingi na chumvi na sodiamu, na skimu za mpunga za Moshi ya Chini na Ndungu zilizojengwa kwa msaada wa Japani zilionyesha mabaka ya aina hiyo baada ya muda. Mpunga huficha tatizo, kwa kuwa maji yaliyosimama shambani huisukuma chumvi chini. Ni pale mkulima anapotaka kutumia unyevu uliobaki baada ya kuvuna, akapanda maharage au choroko kwenye majaruba yanayokauka, ndipo chumvi hupanda pamoja na unyevu huo hadi sentimita chache za juu, mahali hasa mbegu ilipolazwa.

Tuta, lililokuwa chanzo cha ugomvi mlimani, huwa na tabia nyingine kabisa katika shamba la bondeni linalonyweshwa. Maji yakipita katika mfereji kati ya matuta mawili, hupenya ubavuni na kupanda hadi mgongoni mwa tuta, ambako hukauka na kuacha ukoko mweupe. Mbegu iliyopandwa katikati ya mgongo, kama inavyofundishwa kwa kawaida, imewekwa mahali penye chumvi kuliko pote, na iliyopandwa begani, karibu na mstari wa maji, inaweza kuota vizuri katika tuta lile lile. Wakati nao una uzito wake. Mvua kubwa za masika huosha uso wa ardhi, na mbegu inayofuata mara baada yake hukuta chumvi imeshuka, tofauti na ile iliyopandwa kwa manyunyu ya kwanza ya vuli, ambayo huyeyusha ukoko bila kuusukuma mbali.

Kazi ya mbegu bora imefanyika kwa kiasi kikubwa katika mkoa huu huu. Kituo cha Ilonga, Kilosa, kilitoa kunde za Tumaini, Fahari na Vuli, na choroko za Nuru na Imara. Sokoine ilitoa harage la SUA 90 na baadaye Rojo, Mshindi na Pesa. Mbegu hizi zilichaguliwa kwa mavuno, magonjwa, wadudu, ladha na muda wa kuiva, mambo ambayo wakulima waliyalilia. Chumvi haikuwa katika orodha ya mbele, wala hilo si la kushangaza, kwa kuwa maharage yalihesabiwa kuwa zao la mlima. Ardhi ya mlimani ikibana, maharage yanashuka, na utafutaji wa aina zinazovumilia chumvi, ambao kwa mpunga umeshapiga hatua, kwa mikunde ya nchi hii ungali nyuma.

Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, nayo makao yake makuu yako Morogoro. Kipimo cha uotaji kinachotumika duniani chini ya kanuni za chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, kilichoundwa mwaka 1924, huchukua punje 400, huzipanga kwenye karatasi iliyoloweshwa au mchanga uliooshwa, na kwa harage huhesabu miche mara ya kwanza siku ya tano na mara ya mwisho siku ya tisa. Kanuni hutaka maji na mchanga visiwe na chumvi ya kudhuru, na ni haki iwe hivyo, maana kinachopimwa ni uzima wa mbegu yenyewe. Asilimia inayoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo, ni ile ile kwa mnunuzi wa Nyandira, mlimani Mgeta, na kwa mnunuzi wa Dakawa, ingawa wa kwanza anakwenda kuifukia mbegu yake katika udongo ambao mvua imeuosha hadi ukawa na tindikali, na wa pili huenda akaifukia pale ambapo chumvi iliyooshwa mlimani imefikia mwisho wa safari.